Kwenda Hortobágy: mwongozo wa kutembelea nyika ya magadi ya Hungaria

Mara ya kwanza nilipokwenda Hortobágy nilirudi nimenuna. Ilikuwa Julai, saa saba mchana, nikashuka kwenye treni na kichupa cha maji cha nusu lita na kichwa kilichojaa picha za Serengeti. Nilitembea saa nzima kando ya barabara. Nikaona kondoo, nikaona kisima, nikaona kondoo wengine. Jioni bwenini nikawaambia wenzangu kwamba Wahungaria wamechukua kiwanja cha mpira kisicho na magoli wakakiita hifadhi ya taifa.

Nilikuwa nimekosea karibu kila kitu: mwezi, saa, kituo cha kushukia, hata namna ya kutazama. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile. Nimewaandikia hasa wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Debrecen, ambao nyika hii iko mlangoni mwao na wengi wanahitimu bila kuikanyaga. Lakini yatamfaa pia yeyote mwenye kibali cha kukaa Ulaya, au viza ya Schengen, anayepita Budapest na kubakiwa na siku mbili za ziada.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kuona nini

Hortobágy (mkazo uko mwanzoni, na ile "gy" ya mwisho ni sauti iliyo kati ya d na y) iko mashariki mwa Hungaria, kama kilomita 40 magharibi mwa Debrecen, upande wa kuelekea mto Tisza. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ya kwanza nchini humo, na tangu 1999 imo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ina zaidi ya hekta 80,000. Wenyeji huiita puszta, neno lenye maana ya mahali patupu.

Ni stepi, yaani nyika ya majani mafupi isiyo na miti, na udongo wake ni wa magadi. Maji ya chini ya ardhi yana chumvi. Jua la kiangazi linayavuta juu, yanakauka, chumvi inabaki. Aliyewahi kufika Ziwa Natron au Ziwa Magadi ataitambua ile rangi nyeupe kwenye vidimbwi vilivyokauka. Zamani watu wengi waliamini kwamba nyika hii ilitengenezwa na binadamu: misitu ikafyekwa, vita vya Waturuki vikateketeza vijiji, pakabaki patupu. Uchunguzi wa udongo na chavua umeonyesha kwamba ni ya kale kuliko hivyo, imekuwepo tangu enzi ya barafu ilipokuwa inakwisha.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokuwa. Nilikuwa natazama mbali, nikisubiri kilima au mnyama. Kwenye nyika hii tofauti ya kimo ya sentimita kumi tu inabadilisha mimea yote: juu kuna nyasi kavu, chini kidogo mipakanga yenye harufu kali, chini zaidi udongo mtupu wenye ukoko wa chumvi, kisha matete. Ukitaka kuiona, piga magoti. Sisemi kwa mafumbo, piga magoti kweli, utazame hatua tatu za ardhi kwa dakika tano.

Jambo la pili la kujua kabla ya kwenda ni kwamba hii ni hifadhi yenye mifugo. UNESCO haikuiorodhesha kama pori bali kama mandhari ya utamaduni, kwa sababu wafugaji wamelisha hapa kwa maelfu ya miaka. Kwetu Tanzania mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye hifadhi ya taifa anakamatwa. Hapa ng'ombe wakiondoka, majani yanazidi kimo, matete yanatambaa, na ndege wanaohitaji nyasi fupi wanahama. Mifugo ni chombo cha kazi cha hifadhi. Sisemi kila mahali paige, Serengeti si Hortobágy, lakini nimeona ni vizuri mtu wa kwetu aje aone kwamba jambo hilo linawezekana.

Na ukitembea utaona matuta madogo yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Hayo ni mabaki ya mashamba ya mpunga na mitaro ya karne ya 20, serikali ilipoamua kuilazimisha nyika izae. Kati ya 1950 na 1953 maelfu ya watu walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kufungiwa kwenye kambi za kazi humu humu. Hifadhi imekuwa ikifukia mitaro hiyo, mamia ya kilomita, ili maji yarudi kutambaa yanavyotaka. Kwa hiyo mstari ulionyooka ukiuona, ujue ni mkono wa mtu.

Hatua ya pili: chagua mwezi

Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda Oktoba. Sababu ni korongo wa kijivu, ndugu wa yule korongo mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda. Wanatoka Ufini, nchi za Baltiki na Urusi, wanaelekea Afrika Kaskazini, na katikati ya safari wanapumzika Hortobágy. Katika miaka mizuri wamehesabiwa zaidi ya 100,000. Wanaanza kufika Septemba, Oktoba wanajaa, Novemba baridi ikikaza wanaondoka. Mchana wanakula punje kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Jioni wote wanarudi kulala wamesimama kwenye maji mafupi, mahali ambapo mbweha hawezi kuwanyatia.

Aprili na Mei ni chaguo la pili, na kwa mtu wa Afrika Mashariki kuna raha yake. Korongo weupe wanakuwa wamerudi kwenye viota vyao juu ya nguzo za umeme vijijini. (Kiswahili kinawaita wote korongo, lakini huyu ni mweupe mwenye mbawa nyeusi na mdomo mwekundu, si jamii moja na wale wa Oktoba.) Korongo weupe wa Hungaria hupita Bosporus, Mashariki ya Kati na Sudan, wakashuka hadi Kenya, Tanzania na mbele zaidi kusini. Yule uliyemwona Januari akiokota viwavijeshi shambani kwa bibi huenda kiota chake kiko kwenye nguzo hii. Wanaondoka mwishoni mwa Agosti. Miezi hiyo ya joto yuko pia kozi mdogo mwenye miguu myekundu, ambaye hukaa msimu wa baridi kusini mwa Afrika. Hifadhi humwekea masanduku ya kutagia kwa sababu viota vya kunguru anavyovirithi vimepungua.

Julai na Agosti nenda tu ukiamka mapema. Joto linaweza kupita nyuzi 35 na hakuna mti. Faida yake ni mazigazi, ambayo Wahungaria huyaita délibáb: mchana wa jua kali unaona ziwa mahali ambapo hakuna ziwa, na kondoo wanaelea juu yake. Agosti pia kuna maua ya zambarau yanayopenda chumvi. Desemba hadi Februari nyika huganda, upepo unakata masikio, na mimi sijawahi kumshawishi mtu aje nami mara ya pili.

Hatua ya tatu: panga siku kuanzia mwisho

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu. Korongo wanarudi kulala kuanzia kama nusu saa kabla ya jua kuzama hadi giza linapoingia kabisa. Basi ukienda kwa ajili yao, ratiba yako haianzi na treni ya asubuhi, inaanza na treni ya mwisho ya usiku. Oktoba yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Nilipotoka mabwawani nikicheka peke yangu kwa furaha, treni ilikuwa imekwenda, na teksi ya kurudi mjini ilikula pesa yangu ya chakula ya wiki nzima.

Fanya hivi. Kwanza tafuta saa ya jua kuzama kwa tarehe yako. Katikati ya Oktoba ni kwenye saa 11:50 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama kwenye saa 10:20. Ongeza dakika arobaini za kutazama. Ongeza saa nzima ya kutembea gizani hadi kituoni, hata kama kwenye ramani ni karibu. Ndipo ufungue ratiba ya shirika la reli, MÁV, utafute treni inayokuja baada ya hapo. Kama haipo, tafuta basi linalopita barabara namba 33. Kama nalo halipo, lala huko. Kijijini kuna nyumba za wageni. Neno la kutafuta ni vendégház.

Angalizo kwa sisi tuliozoea saa za Kiswahili: ratiba imeandikwa 17:40, nawe kichwani unasoma saa kumi na moja na dakika arobaini, halafu unamwambia mwenzako wa Nigeria "eleven forty". Tumeshakosa treni kwa ajili hiyo. Andika namba kama zilivyo kwenye ratiba, usitafsiri.

Njia yenyewe ni rahisi. Kutoka kituo kikuu cha Debrecen panda treni ya kuelekea Füzesabony. Inapita Balmazújváros, kisha Hortobágy, kisha kituo kidogo cha Hortobágyi-halastó, yaani mabwawa ya samaki. Safari haifiki saa moja. Kutoka Budapest unaweza kupitia Debrecen, au upande treni ya kuelekea Miskolc kutoka kituo cha Keleti, ushuke Füzesabony, ubadilishe ya kwenda Debrecen. Treni za njia hii ni chache, si kama daladala, na kabla hujapanda hakikisha yako inasimama Halastó. Dirishani sema: "Egy retúr jegyet kérek Hortobágyra", nipe tiketi moja ya kwenda na kurudi Hortobágy. Mwanafunzi aonyeshe kitambulisho chake na kuulizia punguzo. Na beba pasipoti au kibali cha ukaazi. Mgeni anatakiwa kuwa nacho mfukoni.

Hatua ya nne: begi

Maji lita mbili wakati wa joto. Msimu wa baridi chupa ya chai. Darubini, hata ya kuazima, maana bila darubini nusu ya safari inapotea. Buti zinazostahimili tope: udongo wa magadi ukilowa unanata kama ugali uliozidiwa maji, unabeba kilo moja kila mguu. Kofia na mafuta ya kujikinga na jua kuanzia Mei (ngozi nyeusi nayo huungua, usidanganywe). Oktoba beba sweta mbili, glavu na koti la kuzuia upepo, kwa sababu mchana unaweza kutembea na fulana na jioni ukatetemeka. Tochi, ikiwezekana yenye mwanga mwekundu. Forinti kidogo za noti na sarafu, kwa vyoo na vibanda, yuro usiitegemee.

Malaria hakuna. Mbu wapo, tena wengi karibu na mabwawa, kwa hiyo dawa ya kupaka inahitajika. Wa kuogopwa zaidi ni kupe, kuanzia masika. Anaambukiza ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo. Vaa suruali ndefu, ichomeke kwenye soksi, na ukirudi nyumbani jikague mwili mzima, nyuma ya magoti na kwapani hasa. Ukimkuta umng'oe kwa kibano, taratibu, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Sehemu ikizunguka wekundu unaopanuka siku za baadaye, nenda kwa daktari.

Hatua ya tano: asubuhi kijijini

Shuka kituo cha Hortobágy, tembea hadi kwenye daraja. Karibu nalo kuna kituo cha wageni cha hifadhi. Ingia hapo kabla ya kufanya jambo lolote: nunua kadi ya kuingilia njia za mabwawani, chukua ramani, uliza korongo wanalala bwawa gani wiki hii. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu. Mabwawa hukaushwa kwa zamu wakati wa kuvua samaki, na korongo wanahama kufuata lile lenye maji ya magotini. Wahudumu wanajua, ramani haijui.

Daraja lenyewe lina matao tisa, Kilenclyukú híd, urefu wa mita 167, lilikamilika mwaka 1833. Ukilitazama kutoka ukingoni mwa mto asubuhi, matao yanakamilika kuwa duara ndani ya maji. Karibu nalo iko csárda, nyumba ya wasafiri iliyokuwapo tangu karne ya 18. Ukifika karibu na Agosti 20, sikukuu ya taifa, kuna soko kubwa la darajani, lenye mijeledi, kofia na vibuyu vya divai. Mimi silipendi kwa sababu ya msongamano, lakini wengi hulifuata hilo tu.

Kisha nenda bustani ya wanyama wa puszta, umbali wa kutembea tu kutoka darajani. Hii inatia moyo kwa mtu aliyelelewa na mifugo. Utakutana na ng'ombe wa kijivu wa Hungaria, mwenye pembe ambazo Mnyankole angezisimamia kuzitazama. Kondoo aina ya racka, pembe zake zimejisokota kama skrubu na kunyooka kwenda juu, dume na jike vilevile. Nguruwe mangalica mwenye manyoya kama ya kondoo. Nyati wa maji aliyetulia topeni. Ni sehemu ya kuanzia na watoto.

Kama una saa mbili za ziada, kituo cha wageni huuza pia safari ya basi kwenda eneo la wanyama pori la Malomháza. Wenyewe wanaiita szafari. Nilipoliona neno letu limeandikwa kwa z nikacheka, nikalipa. Kuna mbwamwitu, bweha, ndege wakubwa, na yupo farasi wa Przewalski, ambaye ndiye aliyenifanya nirudi. Farasi huyu, anayeitwa takhi kwao Mongolia, alionekana porini kwa mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ya 1960, akabaki kwenye bustani za wanyama peke yake. Tangu 1997 Hortobágy wamewaachia kundi kwenye eneo la Pentezug, waishi bila kulishwa wala kupangiwa nani amzalie nani. Pentezug yenyewe imefungwa kwa wageni, usijaribu kuingia kwa kupitia mashambani. Unaowaona Malomháza ni ndugu zao. Wafupi, shingo nene, nywele za shingoni zimesimama kama brashi.

Maonyesho ya wapanda farasi ya Máta, kaskazini ya kijiji, yapo msimu wa joto. Utapandishwa mkokoteni, na csikós, mchunga farasi mwenye mavazi mapana ya buluu, atasimama juu ya migongo ya farasi wawili huku akiendesha watatu mbele. Mchezo huo wa farasi watano haukutokana na wachungaji wa kale: chanzo chake ni picha ya mchoraji wa Austria, Ludwig Koch, kisha mtu akaona haya na ajaribu. Ni mzuri, lakini ni wa watalii. Ukiwa na pesa ya jambo moja, iweke kwenye mabwawa.

Hatua ya sita: chakula, na onyo kwa wasiokula nguruwe

Supu ya gulyás inayojulikana dunia nzima jina lake ni la mchunga ng'ombe, gulyás. Ni chakula chake cha sufuria juu ya moto. Wachungaji walikuwa na ngazi zao: wa farasi juu, kisha wa ng'ombe, wa kondoo, na wa nguruwe chini kabisa. Chakula kingine cha kwao ni slambuc, tambi na viazi vilivyopikwa kwenye chungu cha kuning'inia, na mapokeo yanasema kigeuzwe mara 32. Kitamu, lakini msingi wake ni szalonna, mafuta ya nguruwe. Muhimu kwa Waislamu: hata vyakula vinavyoonekana vya mboga vinaweza kukaangwa kwa mafuta hayo. Uliza "Van benne disznóhús?", kuna nyama ya nguruwe ndani yake?, na taja pia szalonna na zsír (mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa). Mimi siku hizi nabeba chapati na mayai ya kuchemsha. Chapati za baridi kwenye mnara wa kutazamia ndege, nyika yote mbele yako, sioni mgahawa wa kushindana nazo.

Usiagize Hortobágyi palacsinta ukidhani unakula asili ya mahali. Chapati hizo za nyama na pilipili ya paprika zimechukua jina tu.

Hatua ya saba: mabwawa, jioni

Fika Halastó angalau saa mbili na nusu kabla ya jua kuzama. Mabwawa haya yalichimbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya kufugia samaki, hasa aina ya kapu, na hadi leo yanavuliwa. Ndege walikuja wenyewe. Kuna njia ya miguu yenye minara ya kutazamia, madaraja ya mbao juu ya matete, na msimu wa joto hadi vuli kuna kigari-moshi chembamba kinachopita kati ya mabwawa, siku chache tu kwa wiki. Kiulizie kituo cha wageni.

Jifunze vibao vinne. Tanösvény ni njia ya wageni, ifuate. Madárles ni kibanda cha kujifichia, ingia kimya. Belépni tilos ni marufuku kuingia. Fokozottan védett terület ni eneo lenye ulinzi mkali, na hapo hata hatua moja usiivuke bila kibali cha hifadhi. Usirushe droni, usichume maua, mbwa mwache nyumbani. Ndege mgonjwa au aliyekufa usimguse: mwaka 2023 mafua ya ndege yaliua maelfu ya korongo hapa.

Chagua mnara mmoja, ubaki hapo. Hili ni kosa ambalo kila mgeni analifanya, anazunguka akitafuta. Nyika haitafutwi, inasubiriwa. Ukikaa kimya dakika ishirini, ulichokidhani kigogo kinainua shingo. Mwewe anapita chini juu ya matete na bata wote wanashtuka kwa pamoja. Ukiwa na bahati kubwa, mbali kwenye majani atatembea túzok, ndugu wa tandawala wetu wa mbuga za Serengeti, ndege mzito kuliko karibu wote wanaoruka. Mimi nimemwona mara moja tu, tena mgongo.

Sauti inatangulia. Ni kama tarumbeta zinazopigwa na watu wasiosikilizana, kutoka mbali, upande ambao bado huoni kitu. Kisha mstari mwembamba juu ya upeo wa macho, unaoonekana kama moshi. Kisha mistari mitano. Wanapita juu yako wakiwa wamejipanga kama herufi V, vizazi vyao vya mwaka huu wakilia kwa sauti nyembamba ya mluzi katikati ya ngurumo za wazazi. Hapo usisimame, usinyooshe mkono, simu iwe kimya na bila mwanga. Korongo wanaogopa mtu akiwa mbali mno, na wakishtuka kundi zima hunyanyuka na kupoteza nguvu walizokuja kuziweka kwa ajili ya kuvuka bahari. Ukijaribu kuwapiga picha kwa simu utapata vumbi jeusi kwenye mbingu nyekundu. Piga moja ya kumbukumbu, uirudishe mfukoni.

Jua likishazama usikimbilie kuondoka. Hortobágy ni hifadhi ya giza inayotambuliwa kimataifa tangu 2011, taa zake zinazuiwa makusudi, na usiku usio na mwezi utaona Njia ya Maziwa kama ilivyo kijijini kwenu umeme ukikatika. Hifadhi hupanga pia matembezi ya usiku yenye kiongozi. Ukiweza kulala kijijini, jiandikishe.

Rudi kwa tochi iliyoelekezwa miguuni, kwenye njia ileile uliyojia. Kituo cha Halastó ni kidogo na kina giza, kwa hiyo treni ikikaribia simama mahali ambapo dereva anakuona, umulike tochi chini kando yako na si machoni pake. Ukishapanda, kaa upande wa kulia ukielekea Debrecen, mbali na mlango, maana kila kituo unapofunguka baridi yote ya nyika inaingia.